Tagi ipi itakuambia kitu hakipo? RFID, NFC, Bluetooth na UWB ana kwa ana

Kisomaji cha tagi kilisema drili tatu hazipo. Vifaa kwenye orodha ni 212, vilivyosomwa 209. Mtunza stoo akaanza kuuliza nani aliyefunga mlango jana jioni, na kwa sauti yake ulijua tayari ana mtu kichwani. Mwenzetu mmoja akainama, akavuta sanduku la chuma lililokuwa chini ya meza ya kazi, akafungua kifuniko. Drili zote tatu zilikuwa mle, kila moja na kibandiko chake, hata kona haijabanduka. Akapitisha kisomaji juu ya sanduku lililo wazi, kikalia mara tatu. Hakuna aliyeomba radhi, maana jina lilikuwa halijatajwa bado. Lilikuwa ulimini.

Tangu hapo matangazo ya tagi, yaani vile vibandiko na vidude vidogo vya kutambulisha kitu kwa redio, nayasoma kwa jicho jingine. Yanashindania umbali: hii inasomwa mita kumi, ile mita mia. Ila hakuna tagi inayojua kusema "nimeondoka". Zote zina neno moja tu, "nipo", na kupotea tunakukisia pale neno hilo lisiposikika. Ukimya huo unaweza kuwa wa mwizi. Unaweza pia kuwa wa chuma, wa maji, wa betri iliyokwisha, wa kibandiko kilichodondoka, au wa mtu aliyesimama katikati. Kwa hiyo nimezilinganisha kwa maswali mawili: tagi ikinyamaza, ukimya wake una maana gani? Na utajua baada ya muda gani?

Mwenye haraka aanze na jedwali hili, ingawa mambo yenyewe yako chini yake. RFID ni kutambua kitu kwa mawimbi ya redio, UHF ni masafa ya juu ya redio hiyo, NFC ni redio ya karibu kabisa, na UWB ni redio ya mkanda mpana wa masafa.

| Aina | Betri | Umbali | Unajua lini | Ikinyamaza |
|---|---|---|---|---|
| Lango la king'ora | haina | upana wa mlango | papo hapo, kikipita | hakuna maana. Ndani huwa kimya siku zote |
| NFC | haina | sentimita chache | mtu akiigusa kwa simu | hakuna maana |
| RFID ya UHF | haina | mita kadhaa, hadi kumi hivi | ukihesabu, au kikipita mlangoni | labda haipo, labda imezibwa |
| Bluetooth | inayo | makumi ya mita | sekunde chache hadi dakika | labda imetoka, labda betri |
| UWB | inayo | makumi ya mita | sekunde chache | kama Bluetooth, ila unajua ilikoonekana mwisho |

Msimbo pau sikuuweka kwa makusudi, kwa kuwa hauna redio. Lakini usiudharau. Tangu Juni 26, 1974, pakiti ya chingamu iliposomwa kwa mara ya kwanza kwenye supamaketi mjini Troy, Ohio, udhaifu wake umekuwa ule ule: lazima uonekane kwa macho, kimoja baada ya kingine. Na ule uliochapwa kiwandani hutaja aina ya bidhaa tu. Chupa arobaini za aina moja zina namba moja, hivyo ukibaki na 39 unajua imepungua moja, hujui ni ipi. Ukichapa msimbo wako mwenyewe wenye namba tofauti kwa kila kitu, tatizo hilo la pili linaisha. Kama vitu vyako ni themanini, vimekaa rafu moja, na una nusu saa kila Ijumaa, nunua karatasi za kubandika uishie hapo.

Lango la king'ora

Hili ndilo kongwe: vile vidude vigumu vya plastiki kwenye nguo, au ukanda mwembamba uliofichwa ndani ya boksi la manukato. Kuna mifumo miwili mikubwa, mmoja wa 58 kHz ambamo ukanda wa chuma hutetema ukipigwa na mawimbi ya lango, na mwingine wa redio wa 8.2 MHz. Katika yote miwili tagi haina namba. Ina hali mbili tu, hai au imezimwa. Lango likilia unajua kuna kitu kinapita, hujui ni kipi, wala hujui kama vingine vitano vilipita jana vimekatwa tagi zake chooni.

Haihesabu stoo, haitafuti kilichopotea. Ubora wake ni kwamba inalia mtu akiwa bado kizingitini. Kama shida yako ni wizi wa mlangoni peke yake, usiipuuze kwa sababu ni ya zamani.

NFC

NFC hutumia 13.56 MHz na hufanya kazi kwa sumaku ya karibu, ndiyo maana lazima simu iguse au ikaribie sana. Uzuri wake ni kwamba kisomaji tayari kiko mfukoni mwa watu wengi. Masafa hayo hayo hutumiwa na tagi za maktaba, zile za kiwango cha ISO 15693, ambazo kwa antena kubwa husomeka hadi karibu mita moja, hivyo mtu anaweza kupitisha kisomaji kwenye mgongo wa vitabu rafuni bila kuvitoa.

Kwa kugundua kilichopotea, NFC yenyewe ni kiziwi. Inachofanya vizuri ni kuandika deni: fulani kachukua mashine ya kuchomelea saa mbili asubuhi, hajairudisha. Mfumo unamjua asiyerudisha kwa sababu aligusa akichukua. Aliyechukua bila kugusa hajulikani, na hapo ndipo mifumo mingi ya NFC inapokufa: wiki ya kwanza kila mtu anagusa, wiki ya tatu wanagusa wanaoogopa bosi. Ukiichagua, funga kabati kwa kufuli linalofunguka kwa mguso huo huo, ili kugusa kusiwe hiari.

RFID ya UHF

Watu wakisema "RFID" kwa habari za stoo, aghalabu ndiyo hii. Tagi ni kibandiko chembamba: chipu ndogo kuliko punje ya mchele na antena ya chuma iliyochorwa kwenye plastiki. Haina betri. Kisomaji hurusha mawimbi, tagi hunyonya nguvu kidogo humo, huamka, na hujibu kwa kuyaakisi mawimbi yale yale huku ikiyabadilisha kidogo ili kubeba namba yake. Wazo hili si geni. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya mbao, na ndani yake mlikuwa na kifaa cha kusikilizia kwa siri kisicho na betri, kazi ya mvumbuzi Mrusi Léon Theremin, kilichoamka tu kikimulikwa kwa redio kutoka nje. Kiligunduliwa mwaka 1952. Nacho kilikuwa kimya muda wote ambao hakuna aliyekimulika, na ndiyo maana kilikaa sana.

Tagi za leo kwa kawaida hubeba namba ya biti 96, inayotosha kukipa kila kipande duniani jina lake. Kisomaji kizuri husoma mamia kwa sekunde, bila kuona, kupitia katoni na kitambaa. Maduka ya michezo na nguo ya Decathlon na Uniqlo yana vituo vya malipo ambapo unatupia nguo zote kwenye kapu na orodha inatokea. Nguo ndiyo bidhaa iliyoumbiwa teknolojia hii: haina chuma kingi, haina maji, imekunjwa kwa hewa katikati.

Ukitoka kwenye nguo, mambo yanageuka. Chuma huakisi mawimbi na kuivuruga antena iliyobandikwa juu yake moja kwa moja. Maji huyameza. Katoni ya chupa za maji yenye tagi kwenye kila chupa itakupa zile za pembeni na kukunyima za katikati. Zipo tagi maalumu za kubandika kwenye chuma, nene zaidi, na huwa ghali mara kadhaa kuliko za kawaida. Mwili wa mtu nao ni maji: tagi iliyobanwa kwapani inaweza kupita langoni kimya. Mfuko uliotandikwa karatasi ya alumini ndani hufanya vivyo hivyo, na wezi wa madukani wanaujua zamani.

Kuna jambo la pembe pia. Tagi ikielekeza ncha yake kwa antena, badala ya ubapa wake, husomeka vibaya. Tagi zikilaliana kama karata zinafunikana. Kwa hiyo anayejua kuhesabu kwa kisomaji cha mkononi huzungusha mkono kama anayepaka chokaa, juu chini na ubavuni. Asiyejua hutembea katikati ya rafu ameshika kama tochi, kisha anaripoti wizi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wauzaji hupita haraka. Tuseme stoo ina vitu 2,000 na mfumo unasoma asilimia 98. Inasikika vizuri mno. Lakini asilimia mbili ya 2,000 ni 40, na kila hesabu itakuletea orodha ya vitu arobaini "vilivyopotea" ambavyo vipo. Kama kilichoibwa kweli ni kimoja, kimejificha kati ya arobaini na kimoja. Utakimbizana nao wiki mbili, kisha utaacha kuisoma orodha. Muuzaji atakujibu kwamba ukihesabu mara mbili, asilimia mbili ya 40 haifiki hata kitu kimoja. Ingekuwa hivyo kama kukosekana kungekuwa kwa bahati nasibu. Drili zetu zilikuwa ndani ya chuma mara ya kwanza, na zingekuwa ndani ya chuma mara ya kumi.

Dawa ni kuangalia historia ya kila kitu. Kitu kinachosomwa kila siku kwa miezi mitatu, kisha ghafla kikanyamaza hesabu mbili mfululizo, hicho kifuatilie leo. Kitu ambacho tangu mwanzo husomwa siku moja na kukosa siku mbili, tatizo lake ni tagi: ihamishe mahali, au ibadilishe. Programu ya hesabu isiyoweza kukuonyesha tofauti hiyo, hata ikiwa na michoro ya kupendeza, mimi singeinunua.

Kosa la upande wa pili huzungumzwa kidogo, nalo ni baya zaidi: kusoma kupita mpaka. Kisomaji kilicho chumba hiki kinasoma tagi ya chumba cha pili kupitia ukuta wa mbao, na kitu kilichohamishwa bila ruhusa kinahesabiwa kwamba kipo. Vilevile mlangoni: marobota yaliyopangwa karibu na lango husomwa "yanatoka" mchana kutwa. Hupunguzwa kwa kushusha nguvu ya kisomaji, na kwa kuweka antena mbili, ya ndani na ya nje, ili mfumo ujue ipi ilisoma kwanza.

Mambo mawili madogo. Masafa hayafanani duniani: Ulaya hutumia 865–868 MHz, Marekani 902–928 MHz, na nchi nyingine zina yao. Tagi nyingi hukubali yote, kisomaji sivyo. Nunua kilichoidhinishwa mahali utakapokitumia. Na tagi za kawaida hutoa namba yake kwa yeyote mwenye kisomaji, na namba hiyo inaweza kunakiliwa kwenye tagi nyingine. Kwa blanketi si neno. Kwa dawa au vipuri ghali, ulizia chipu zenye usimbaji, yaani ulinzi wa siri usionakilika kirahisi.

Bluetooth

Hapa tagi ina betri na inapaza sauti yenyewe. Kila baada ya sekunde kadhaa hutangaza "nipo", na vipokezi vilivyofungwa ukutani husikia. Huhitaji mtu wa kuzunguka na kisomaji, na hiyo ndiyo tofauti kubwa: unaweza kujua saa tisa usiku.

Utajua haraka kiasi gani? Hapo unapimana na betri. Kidonge cha CR2032, kile cha bapa kama sarafu, kina chaji ya takriban 220 mAh. Tagi ikitangaza kila sekunde, kinakwisha mapema. Ikitangaza kila sekunde kumi, kinadumu zaidi lakini habari inachelewa. Halafu huwezi kupiga king'ora kwa tangazo moja lililokosekana, kwa sababu matangazo hukosekana kila mara. Mtu akipita na ndoo ya maji tu yanakosekana. Tuseme tagi inatangaza kila sekunde tano, na umeamua kusubiri ukimya wa mara kumi na mbili. Hiyo ni dakika moja. Mtu anayetembea kawaida ameshafika mita themanini na zaidi. Punguza subira, na walinzi wataamshwa na ving'ora vya bure hadi wazime kengele. Hakuna chaguo la kiwandani linalofaa kila mahali. Itabidi ulipime kwenye jengo lako.

Betri nayo huleta mashaka yake. Tagi iliyonyamaza yaweza kuwa imeibwa au imekufa, na ukitaka kutofautisha ni lazima iwe imekuwa ikitaja kiwango cha betri katika matangazo yake. Iliyonyamaza ikiwa na asilimia 80 ni habari nyingine kabisa na iliyonyamaza ikiwa na 4. Baridi hudhoofisha vidonge hivi, hivyo vyumba vya barafu hutoa wezi hewa wengi.

Umbali kwa Bluetooth hukadiriwa kwa nguvu ya mawimbi, na makadirio hayo huyumba vibaya ndani ya jengo. Yachukulie kama kutaja chumba, tena kwa tahadhari.

Neno kuhusu tagi za watu binafsi kama AirTag ya Apple, iliyotoka mwaka 2021. Wengi huuliza kwa nini wasitie hizo kwenye mali ya kazini. Kwa begi la safari au funguo ni nzuri sana: hutegemea simu za wapita njia, na dunia imejaa simu. Lakini zimeundwa zisitumike kumfuatilia mtu kwa siri. Tangu Mei 2024, simu za iPhone na Android humwonya mwenye nayo kwamba kuna tagi isiyo yake inayosafiri naye, na AirTag yenyewe huweza kulia. Ulinzi huo ni wa haki, wala usijaribu kuuzunguka. Ila maana yake ni kwamba mwizi wako naye ataarifiwa. Tena hazina orodha ya mali wala hesabu ya pamoja.

UWB

UWB hupima muda ambao mawimbi huchukua kusafiri. Mwanga na redio hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo saa yenye makini ya nanosekunde moja au chini yake hukupa mahali kwa kosa la sentimita 10 hadi 30. Unaweza kusema kitu kiko upande huu wa meza na si ule. Na kwa kuwa unaona mwendo wenyewe, ukimya unakuwa na historia: kilisogea kuelekea mlango wa nyuma, kikapita, kikanyamaza. Huo ni ushahidi, tofauti na tagi iliyonyamaza ikiwa haijasogea kwa wiki nzima.

Gharama iko kwenye vituo vya ukutani. Tagi inahitaji kuonwa na vitatu au vinne kwa pamoja, bila chuma katikati, na mahali pa kila kituo lazima papimwe vizuri siku ya kufunga. Ukihamisha rafu za chuma, pima upya. Sijaona sababu ya kuiweka kwenye stoo ya kawaida.

Kwa gari, kontena au jenereta linalotoka nje ya jengo, hakuna kati ya hizi inayofaa. Hapo ni GPS yenye laini ya simu, na mjadala mwingine wa betri kubwa zaidi.

Ningechagua nini

Nguo, viatu, mashuka, mafaili: UHF, bila kusita, na kisomaji cha mkononi kabla ya lango. Watu huanza na lango kwa sababu linaonekana, kisha wanagundua hawajui hata walikuwa na vitu vingapi. Hesabu ya kila wiki itakuambia kipi kinapotea na rafu ipi. Lango liwekwe baadaye, mahali hesabu ilipoelekeza.

Vinywaji, makopo, rangi: UHF kwenye katoni au paleti (jukwaa la kubebea mizigo), kamwe si kwenye kila kopo.

Zana zinazoazimwa na watu unaowaamini ila ni wasahaulifu: NFC na kabati lenye kufuli. Mahali ambapo zana moja iliyosahaulika ni hatari, kama karakana ya ndege ambapo spana ikibaki ndani ya injini inaweza kuua, panda hadi kabati zenye RFID zinazosoma kila droo inapofungwa. Huko droo ndiyo mpaka: chuma kinachotusumbua kwingine, humo kinazuia mawimbi yasivuke.

Vifaa vichache vya thamani vinavyotembea ndani ya jengo moja, mfano pampu za dawa na viti vya magurudumu hospitalini: Bluetooth. Hapo kinachotafutwa kwa kawaida hakijaibwa, kiko wodi nyingine nyuma ya pazia. UWB iingie pale tu unapohitaji kujua kitanda gani.

Kazi itakayokuchosha kuliko zote haimo kwenye jedwali: kubandika. Kila kitu kishikwe mkononi, kipewe namba, namba iandikwe kwenye orodha pamoja na jina la kitu. Ukikosea hapo, mfumo utatafuta ngazi kwa jina la feni hadi mwisho wa dunia.

Kabla ya kununua, omba tagi ishirini za majaribio. Usizibandike kwenye vitu rahisi. Tafuta vilivyo vigumu kuliko vyote ulivyonavyo: cha chuma, chenye maji, kilicho nyuma ya rafu, kilicho ndani ya sanduku. Hesabu mara kumi kwa siku tofauti, na watu tofauti wakishika kisomaji, uandike kila kilichokosekana. Siku ya mwisho toa viwili usiku, uvipeleke kwenye buti la gari bila kumwambia yeyote, usubiri asubuhi uone kama orodha itavitaja hivyo viwili, na itavitaja pamoja na vingine vingapi.